Pomerania wako hajachanganywa, ni mkubwa tu

Jumatatu hii ameingia kliniki dada mmoja na Pomerania, aina ya mbwa wadogo wenye manyoya mengi, wa rangi ya chungwa ndani ya kiondo. Akamtua mezani kama mtu anayerudisha redio iliyokataa kushika stesheni. "Daktari, nimepigwa. Niliambiwa hatazidi kilo 3." Mizani ikasoma 4.3. Umri miezi 14, masikio madogo yamesimama, mkia umelala mgongoni, uso wa mbweha, kelele za kutosha mtaa mzima. Nikamkagua meno, nikampapasa magoti, nikamwambia mbwa wako ni mzima. Akaniuliza kama naweza kumwandikia barua ya kumpelekea muuzaji, kwamba mbwa ni chotara.

Huyo ni wa tatu mwezi huu. Wote wamesoma namba ileile kwenye simu, na wote wameisoma kama dhamana ya kiwandani.

Vigezo vya mbegu, yaani maelezo rasmi ya vyama vya mbwa, vinaeleza mbwa ambaye hakimu wa maonyesho angependa kumwona ulingoni. Havikuandikwa kwa ajili ya mbwa wa kochini kwako, na vyenyewe kwa vyenyewe havipatani. Wamarekani wanasema kilo 1.4 hadi 3.2, na wa maonyesho awe kati ya 1.8 na 2.7. Waingereza wamebana zaidi: dume 1.8 hadi 2, jike 2 hadi 2.5. Wajerumani, ambao Pomerania kwao ni daraja dogo kabisa la aina ya mbwa iitwayo Spitz wa Kijerumani, hawataji kilo hata moja. Wanapima kimo kutoka sakafuni hadi mabegani, sentimita 18 hadi 24, na uzani uendane na kimo. Juu yake lipo daraja lingine la Spitz, sentimita 24 hadi 30. Sasa wewe uliyekuja na "kilo 3" yako, ni ya nani hiyo?

Kuna jambo wateja hawalifikii kwa sababu wanaishia kwenye namba. Vigezo vya Marekani vinasema kupita kiwango cha uzani, au kupungukiwa, ni kasoro, halafu papo hapo vinaongeza kwamba ubora wa mbwa kwa jumla utangulie ukubwa. Kinachomfukuzisha ulingoni ni macho ya buluu. Ndiyo, macho. Mwenye kilo 3.5 atapunguziwa alama. Mwenye jicho la buluu anakwenda nyumbani.

Na hebu rudi kwenye hesabu ya Waingereza. Jike ni mzito kuliko dume! Mbwa wengi ni kinyume. Muulize mfugaji yeyote makini atakuambia hataki kuzalisha jike wa kilo moja na nusu, maana usiku wa kuzaa utaishia kwenye upasuaji, na mara nyingi watoto wenyewe ni mmoja au wawili. Kwa hiyo mama wa watoto kwa kawaida ni yule jike aliyejaa kidogo, ambaye ulingoni asingepata hata cheti cha kushiriki. Wadogo wenye sura nzuri wanabaki kwa mfugaji au wanakwenda maonyesho. Wengine wanauzwa kwako. Ukubwa wa mbwa hauamuliwi na jeni moja ya urithi, zipo nyingi, kwa hiyo wazazi wa kilo 2 wanaweza kukuzalia wa kilo 4 bila mbwa yeyote wa jirani kuruka ua.

Ukinibana niseme, Pomerania wengi wazima ninaowapima hapa wanacheza kati ya kilo 3 na 5. Wapo wa 6 na zaidi, na hao wengine ni wanene kwelikweli.

Udogo wenyewe ni mambo ya juzi. Malkia Victoria alipompata Marco huko Florence mwaka 1888, mbwa yule alikuwa na ratili 12, yaani kilo 5.4 hivi. Wale ambao Malkia Charlotte aliletewa Uingereza mwaka 1767 walikuwa wakubwa zaidi. Damu ya Marco haijafutika kwa sababu muuzaji wako ameandika "mbwa wa kikombe", yaani mdogo wa kukaa kikombeni, kwenye tangazo. Daraja la kikombe halipo kwenye kigezo chochote kati ya hivyo nilivyotaja. Ni lugha ya biashara.

Nisingejali mtu akidanganywa bei. Kinachonichemsha ni hiki: mwaka jana nililetewa mtoto wa mbwa wa miezi mitatu, gramu 600, amelegea kama kitambaa cha jikoni, fizi baridi, utosi bado laini. Walikuwa wameelekezwa wampe kijiko kimoja cha chakula kwa siku "asije akakua". Sukari ilikuwa imeshuka chini kabisa. Tukampaka asali kwenye fizi, tukamtundikia dripu ya glukosi, na baada ya dakika 20 akainua kichwa. Alipona. Mtoto wa ukubwa ule anatakiwa kula mara nne kwa siku. Kumnyima chakula hakumfanyi wa kikombe, kunampeleka kaburini.

Naomba pia mniache kidogo na habari za kutabiri. Wengine huchukua uzani wa wiki 12 wakazidisha mara mbili. Nami huwa nafanya hivyo mtu akinisumbua sana, na nimeshakosea kwa kilo nzima, juu na chini. Kama ni mchanganyiko au la, kwa macho tu mara nyingi siwezi kuapa. Kati ya miezi minne na sita ndiyo kabisa: manyoya ya utoto yanapukutika, miguu inarefuka, mbwa anafanana na nyani aliyenyeshewa, na simu za "hii si Pomerania" zinaanza kuingia. Subirini.

Hata unene unanipiga chenga. Yale manyoya ni matabaka mawili, macho hayaoni kitu. Pitisha vidole mbavuni: ukizihisi kama unavyohisi vifundo vya mkono ulionyooshwa, sawa. Ukilazimika kuzitafuta, amezidi. Nimewahi kuandika "wastani" kwenye kadi, akaogeshwa, nikafuta. Ni muhimu kwa sababu kwa mbwa hawa, pia ya goti (kile kifupa cha mbele) huteguka kirahisi na bomba la hewa hulegea, na mafuta huzidisha yote mawili.

Basi nikamwogesha yule wa kiondo. Mbavu zilikuwepo, ila chini kidogo kuliko nilivyopenda. Nikamuuliza dada anakula nini asubuhi. "Chakula chake. Na chapati kidogo, tunagawana."

Kwenye kadi nikaandika: Pomerania, dume, kilo 4.3, apungue gramu 300. Barua sikuandika.