Mtoto wa kwenye skrini: tunachokosea katika kuwafunza wachambuzi wa tabia

Wachambuzi wa tabia ni wataalamu wanaowafundisha stadi watu kama watoto wenye usonji. Wanafunzi wa kazi hiyo wanaweza kujizoeza kwa mwigo wa kompyuta, yaani mtoto wa kuigizwa kwenye skrini. Hizi ni dhana tano potofu kuhusu mafunzo hayo.

Dhana: Miwani ya uhalisia pepe (inayomfanya mtu ajione yuko ndani ya mwigo) ndiyo inayofundisha.

Ukweli: Kinachofundisha ni hatua nne zilizokuwepo kabla ya miwani hiyo: kuelezwa, kuonyeshwa, kujaribu, kusahihishwa. Mwigo wa kompyuta unafaa zaidi kwa mbili za mwisho. Video kwenye simu inayosimama na kuuliza "sasa unafanya nini?" inatosha kuanzia, na ikishapakuliwa haili bando.

Chukua somo la kumfundisha mtoto mwenye usonji kutambua kikombe. Mwanafunzi wa uchambuzi wa tabia asubiri mtoto atulie, aseme mara moja tu "Nipe kikombe", angoje sekunde 5. Mtoto akipatia, apewe zawadi papo hapo. Akikwama, aongozwe mkono. Kisha mwanafunzi aandike matokeo. Kosa linalojirudia ni "nipe, nipe, nipe kikombe": mtoto anajifunza kwamba agizo la kwanza ni la kupuuzwa. Kosa zito zaidi linakuja mtoto anapopiga meza na mwanafunzi akamwondolea kazi "apumzike kidogo". Kama alipiga ili akwepe kazi, hapo amelipwa. Mwigo uliotengenezwa vizuri unalionyesha hilo: raundi inayofuata mtoto wa skrini anapiga mapema zaidi, na hakuna mtoto halisi aliyeumia. Kigezo kizuri ni hatua 9 kati ya 10 sahihi, mara mbili mfululizo. Mwanafunzi akishafika huko apimwe tena mbele ya mtoto halisi, kwa sababu ustadi wa skrini hauhami wenyewe.

Dhana: Akili mnemba inahesabu tabia vizuri kuliko mtu.

Ukweli: Ukiiambia ihesabu "usumbufu", itahesabu chochote. Andika "kujipiga kichwani kwa kiganja, kwa nguvu ya kusikika". Kisha ipime kama unavyompima mtazamaji yeyote. Video ya dakika 10, vipande vya sekunde 10, ni vipande 60. Wewe na programu mkikubaliana katika 51, ni asilimia 85. Chini ya 80, rekebisheni maelezo ya tabia kwanza. Na sauti iliyorekodiwa darasani Temeke, mvua ikipiga bati na bodaboda zikipita, isiaminiwe bila mtu kuisikiliza.

Dhana: Programu ya maongezi inaweza kuigiza mzazi bila maandalizi.

Ukweli: Ikiachwa hivihivi inakubali kila kitu. Bibi wa Mbagala hasemi "asante kwa maelezo mazuri". Anasema "mjukuu wangu anadeka tu". Iagize ijibu sentensi mbili, ikatae maelezo ya kwanza, na ikubali pale tu mwanafunzi anapoacha maneno ya kitabuni.

Dhana: Saa za mwigo zinaingia kwenye cheti.

Ukweli: Bodi ya Marekani inayotoa vyeti vya wachambuzi wa tabia, BACB, kwa cheti chake cha BCBA inadai saa 2,000 za kazi chini ya msimamizi, au 1,500 kwa usimamizi mzito zaidi, na tangu 2023 haipokei waombaji wapya walioko Tanzania. Kwa chombo kingine chochote, pata jibu la maandishi kabla hujaanza kuhesabu.

Dhana: Video ya mtoto ikifichwa jina, ipakie popote.

Ukweli: Sura na sauti vinamtambulisha. Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamhusu na mtoto. Chukua ridhaa ya mzazi kwa maandishi, ikitaja programu ipi, kwa kazi gani, na video itafutwa lini. Akisita, tumia watu wazima wawili wanaoigiza.