Ukiukaji kwenye rekodi ya maji si lazima uwe sumu bombani

Watu wengi wakiona neno "ukiukaji" (yaani kuvunjwa kwa kanuni za maji ya kunywa) kwenye rekodi ya mtandao wa maji nchini Marekani, hudhani maji yamechafuka. Mara nyingi kosa ni la karatasi: sampuli haikuchukuliwa kwa wakati, au ripoti ilichelewa. Hilo si dogo, kwa kuwa bila kipimo hakuna anayejua hali ya maji, lakini si ushahidi wa uchafu.

Angalia muda wa kutoa taarifa. Hatari ya haraka, kama bakteria wa E. koli au nitrati kuzidi miligramu 10 kwa lita (ikihesabiwa kama nitrojeni), hutangazwa ndani ya saa 24. Ukiukaji mwingine wa viwango vya afya, kwa kawaida siku 30. Kukosa kupima, mara nyingi mwaka mmoja.

Hata jibu la kolifomu, kundi la bakteria wanaoashiria kuwa huenda uchafu umeingia, si hukumu. Sampuli moja ya mililita 100 ikiwa nazo, huchukuliwa nyingine tatu ndani ya saa 24: bomba lilelile, moja kabla ya bomba hilo kufuata mkondo wa maji, moja baada yake. Na ikiwa tatizo ni nitrati, usichemshe. Maji hupungua, nitrati hubaki.

Upande wa pili unasahauliwa zaidi. Rekodi safi haikuhakikishii kuwa hakuna madini ya risasi nyumbani kwako, maana mara nyingi hutoka kwenye mabomba na viungio vyako. Pima lita ya kwanza, baada ya maji kutulia saa 6 au zaidi.