Je, wajua kwa nini kuingia nyumbani kwa Abraham Lincoln ni bure mpaka leo?

Nyumba nyingi za watu maarufu Marekani lazima utoe hela mlangoni, ila ukifika Springfield, jimbo la Illinois, kwenye nyumba aliyokaa Lincoln na familia yake kabla ya urais, tiketi unapewa bure kabisa (paking ndo utalipia, hapo hawana huruma). Wengi wanadhani ni ukarimu wa serikali. Kumbe kuna mpangaji msumbufu nyuma ya hii stori.

Lincoln aliinunua 1844 kwa dola 1,500 kutoka kwa mchungaji yule yule aliyemfungisha ndoa na Mary, na ndo nyumba pekee aliyowahi kumiliki maisha yake yote. Watoto watatu kati ya wanne walizaliwa humo, na Eddie akafia humo humo 1850 hata miaka minne hajafikisha. Februari 1861 wakahamia Washington, nyumba ikapangishwa na fanicha nyingi zikauzwa kwa mpangaji, naye baadaye akahama nazo Chicago zikaungua kwenye ule moto mkubwa wa 1871, kwa hiyo usidhani kila kiti utakachokiona humo alikikalia Lincoln.

Baada ya rais kuuawa 1865 nyumba ilibaki ya familia, mwishowe ikawa mikononi mwa Robert, mtoto mkubwa, maana wadogo zake wote walishafariki. Yeye ni wakili, anaishi mbali, anapangisha tu. 1883 akaingia jamaa anaitwa Osborn Oldroyd, aliyepigana vita vya wenyewe kwa wenyewe na ana uchizi wa kukusanya chochote kinachomhusu Lincoln, picha, magazeti, vitabu, yaani chochote. Akaigeuza nyumba kuwa makumbusho yake. Sasa shida ikawa kodi, mara inachelewa, mara hailipwi kabisa, na wakati huo huo anawashawishi wabunge wa jimbo waichukue nyumba.

Jiweke kwenye nafasi ya Robert, unamtupiaje vyombo nje mtu anayemtukuza baba yako nchi nzima ikitazama? 1887 akaamua kuitoa zawadi kwa jimbo la Illinois, ila kwa masharti, itunzwe vizuri na wananchi waingie bila kulipa. Mimi naona hapo alicheza kama Pele, kwa sababu sharti hilo lilifunga mlango kwa yeyote anayetaka kulifanya jina la mzee kuwa mradi.

Na unajua jimbo lilimpa nani kazi ya kuitunza? Oldroyd huyo huyo! Mshahara juu, na sasa anakaa bila kodi kihalali. Alikuja kuondolewa 1893, akabeba mzigo wake mpaka Washington akaupanga kwenye nyumba aliyofia Lincoln, na 1926 serikali kuu ikaununua wote kwa dola 50,000.

Nyumba ya Springfield ilikuja kuingia mikononi mwa serikali kuu miaka ya 1970 na iko chini ya idara ya hifadhi za taifa, kiingilio bado hakuna. Tena hawakuishia kwenye nyumba moja, wamehifadhi na nyumba za majirani, bloku nne nzima, magari hayapiti na pembeni unatembea kwenye njia za mbao kama enzi zile.