Sikukuu Haifungi Duka Lako, Inapandisha Malipo

Kila Nane Nane, sikukuu ya wakulima ya tarehe 8 Agosti, ikikaribia napigiwa simu kwa jambo lile lile, na safari hii nimeona niliandike ili atakayeuliza tena nimtumie kiungo. Swali huja kwa sura mbili. Ya kwanza ni ya woga: "Wakili, tarehe nane nikifungua duka, mgambo hawatanipiga faini?" Ya pili ndiyo inayonikera: "Wakili, mimi nimeamua kufungua, kwa hiyo kwangu hiyo ni siku ya kazi kama nyingine, si ndiyo?" Jibu la la kwanza ni kwamba hawana sheria ya kukupiga nayo faini. Jibu la la pili ni kwamba umekosea, na kosa hilo unamlipisha mfanyakazi wako.

La kwanza halihitaji maneno mengi. Siku za mapumziko zimetajwa na Sheria ya Sikukuu za Umma ya Tanzania, Sura ya 35. Sheria hiyo inataja siku na inampa Rais mamlaka ya kutangaza nyingine. Haina kifungu kinachomwambia muuza nyama wa soko la Majengo hapa Dodoma ateremshe shata. Baa zina saa zake kwa mujibu wa leseni chini ya sheria ya vileo ya mwaka 1968, kwa hiyo wenye baa wasome leseni zao. Tunachanganyikiwa kwa sababu siku hiyo ofisi za serikali kule Mtumba zinafungwa, benki zinafungwa, mji unapoa, na mtu anahisi kama kuna amri. Halafu kuna usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambapo kweli maduka huambiwa yasubiri mpaka usafi uishe. Lakini ile ni amri ya usafi. Si sikukuu ya umma, na haibadilishi hata senti moja ya mshahara.

Sasa tuje kwenye pesa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 25, inasema mfanyakazi akifanya kazi siku ya sikukuu iliyotajwa katika sheria ya sikukuu, mwajiri atamlipa mara mbili ya mshahara wa msingi kwa kila saa aliyofanya kazi. Basi. Kifungu hakiulizi nani aliamua duka lifunguliwe, wala kama wateja walikuja. Hakiulizi kama mfanyakazi alikubali kwa moyo mweupe, au kama yeye si mkulima na Nane Nane haimhusu. Siku imetajwa, saa zimefanyiwa kazi, malipo ni mara mbili.

Waajiri wengi hapa mjini wanakwepa kwa njia ambayo wao wanaiona ni ya ukarimu: "Sikukuu aje, nitampa off Alhamisi." Mpe hiyo off, ni jambo jema, lakini haifuti deni. Kifungu cha 25 hakikupi uchaguzi kati ya pesa na siku ya kupumzika. Kinasema ulipe. Wengine wanatoa pilau ya mchana na soda wakidhani wamemaliza. Nawasihi, chakula ni chakula na mshahara ni mshahara.

Hesabu yenyewe ndiyo inayoharibiwa kuliko yote. Chukua muuzaji wa duka la vifaa vya ujenzi mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 390,000 kwa mwezi, saa 45 kwa wiki. Mwajiri anagawa kwa 30, anapata 13,000, anampa kijana kumi na tatu yake na kumwambia "hiyo ya sikukuu". Sheria haigawi hivyo. Jedwali la Kwanza la sheria ile ile linasema, kupata kiwango cha saa kwa anayelipwa kwa mwezi, ugawe mshahara wa msingi kwa 4.333 mara saa za kawaida za wiki. Saa 45 mara 4.333 ni kama saa 195. Shilingi 390,000 gawa kwa 195 unapata 2,000 kwa saa. Mara mbili ni 4,000. Akifanya kazi saa nane, ni 32,000. Ukiilinganisha na ile 13,000, utaona kwa nini nashindwa kunyamaza.

Hapo hapo kuna jambo ambalo vitabu vinalipita kimya kimya. Je, hiyo 32,000 inaongezwa yote juu ya mshahara wa mwezi, au nusu yake tayari imo ndani ya mshahara? Mwajiri anasema: sikukuu ile ningemlipa hata angelala nyumbani, kwa hiyo fungu moja limeshalipwa, naongeza 16,000. Mfanyakazi anasema: mshahara wa mwezi ni wangu nikija nisije siku hiyo, na sheria inazungumzia saa nilizofanya kazi, kwa hiyo nipe 32,000 juu. Mimi nawashauri wateja walipe 32,000, kwa sababu kifungu kimefunga malipo yake kwenye saa iliyofanyiwa kazi na hakisemi utoe kilichomo kwenye mshahara. Lakini siwezi kusema kwa kiapo kwamba mwajiri anayeongeza 16,000 anavunja sheria. Maneno ya kifungu yanabeba tafsiri zote mbili, na natamani Bunge lingeongeza sentensi moja tu kulimaliza. Kuanzia hapa ofisini kwangu hadi bungeni si mbali.

Shaka nyingine ni hii. Kifungu kinasema sikukuu "iliyotajwa" katika sheria ya sikukuu. Je, siku ambayo Rais ameitangaza mara moja tu nayo imetajwa? Tarehe 23 Agosti 2022, siku ya Sensa, ilitangazwa mapumziko. Machi 2021, baada ya kifo cha Rais Magufuli, zilitangazwa siku mbili: tarehe 22, alipoagwa kitaifa hapa Dodoma kwenye uwanja wa Jamhuri, na nyingine kwa ajili ya maziko yake Chato. Kuna wanaosema "iliyotajwa" ni ile iliyo kwenye orodha tu. Mimi nasema siku iliyotangazwa kwa mamlaka ya sheria hiyo inaingia ndani ya sheria hiyo, na malipo yake ni mara mbili. Ila tusichanganye: maombolezo yale yalikuwa ya siku 21. Bendera nusu mlingoti haimaanishi siku ya mapumziko. Zilizokuwa za mapumziko ni zile mbili.

Nane Nane kule kwenye viwanja vya maonyesho vya Nzuguni ni vivyo hivyo. Maonyesho huenda siku kadhaa, na wenye mabanda ya chakula hunipigia wakidhani siku zote zile ni sikukuu, au kwamba hakuna hata moja. Sikukuu ni tarehe 8 peke yake. Siku nyingine, saa zikizidi 45 kwa wiki, ni ovataimu ya mara moja na nusu. Kibarua wa siku naye ni mwajiriwa, kwa hiyo anaingia. Asiyeingia kwenye hesabu hizi ni meneja anayesimamia wenzake na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu.

Halafu kuna hili la Jumatatu. Sikukuu ikiangukia Jumapili, watu wanajipa Jumatatu. Wakenya wanayo hiyo kwenye sheria yao, Waingereza nao wanasogeza. Sisi hatusogezi. Tarehe 1 Januari 2023 ilikuwa Jumapili, na Jumatatu yake tulikwenda kazini. Idd el Fitr ya Aprili 2023 ilishika Jumamosi na Jumapili, zote mbili zikaliwa na wikiendi. Inauma, najua, lakini usibaki nyumbani kwa sheria ya nchi nyingine halafu uje kwangu na barua ya onyo. Na kwa walio likizo: zile siku 28 za mwaka zinahesabiwa pamoja na sikukuu zilizomo ndani yake. Huongezi siku mbili za Idd mwishoni.

La mwisho ni tarehe za kulipa. Pale sheria inapoweka muda wa kufanya jambo, na siku ya mwisho ikawa Jumamosi, Jumapili au sikukuu, Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inakusogeza hadi siku inayofuata ambayo si mojawapo ya hizo. Ndivyo unavyookoka ikiwa siku ya 30 ya kupeleka mgogoro wa kuachishwa kazi kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi imeangukia Idd. Angalia sasa makato ya PAYE, yaani kodi ya mshahara: hulipwa ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha. Ya mwezi wa tatu yanaangukia tarehe 7 Aprili, siku ya Karume. Ya mwezi wa sita yanaangukia tarehe 7 Julai, sikukuu ya Sabasaba. Kwa sheria umesogezewa siku. Kwa ushauri wangu, lipa tarehe 6, kwa sababu namba ya malipo inatoka hata ofisi zikiwa zimefungwa, na ni nafuu kuliko kubishana na mfumo wa kompyuta kuhusu Sura ya 1.

Lakini Sura ya 1 inahusu muda uliowekwa na sheria. Haihusu mkataba wako na mkopeshaji. Dada mmoja mwenye saluni alinijia akiwa na mkataba wa mkopo kutoka kwa wale wakopeshaji wa riba kubwa tunaowaita kausha damu, rejesho kila tarehe 7, na faini ya kuchelewa imeandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya karatasi. Alilipa tarehe 8 Julai akiamini Sabasaba imempa siku moja. Mkataba haukusema lolote kuhusu sikukuu, na mkopeshaji alikuwa anapokea kwa simu siku zote. Sikuwa na kifungu cha kumtetea nacho kwenye hilo la tarehe. Kiwango cha faini tulikipigania, na hiyo ni habari nyingine. Kwa hiyo kabla ya kusaini, dai waandike mstari huu: "Tarehe ya malipo ikiangukia Jumapili au sikukuu ya umma, malipo yatafanyika siku ya kazi inayofuata." Akikataa kuuandika, weka pesa tayari tangu tarehe 6.