Je, wajua kwa nini aliyekata tiketi alitazama kioo, na mpita njia akaimbiwa bure?

Argyll Street ni mtaa mfupi katikati ya London, hatua chache tu kutoka mlango wa kituo cha treni za chini ya ardhi cha Oxford Circus. Siku za kawaida watu huupita mbiombio, mifuko ya madukani mkononi. Majira ya joto ya 2025 mambo yalibadilika. Ikikaribia saa tatu usiku, mamia ya watu walikuwa wamejazana pale, shingo juu, simu hewani, wakiikodolea macho roshani iliyo juu ya mlango wa ukumbi wa London Palladium. Mara mlango wa roshani unafunguliwa. Anatoka binti wa miaka 24, gauni jeupe limemkaa, nywele za rangi ya dhahabu zimefungwa kisogoni. Anainua mikono. Watu wanapiga kelele. Anaanza kuimba, na mtaa mzima unanyamaza.

Binti huyo ni Rachel Zegler, mwigizaji wa Marekani, na wimbo ni "Don't Cry for Me Argentina", yaani "Usinililie, Argentina", wimbo mkubwa kuliko zote katika tamthilia ya muziki iitwayo *Evita*, inayosimulia maisha ya Eva Perón, mke wa rais wa Argentina. Pale mtaani hakuna aliyelipa hata peni moja. Ndani ya ukumbi, wakati huohuo, walikuwamo watu wapatao elfu mbili, na viti vingine viliuzwa zaidi ya pauni 200. Hao walikaa gizani wakitazama kioo kikubwa kinachowaonyesha mubashara kinachoendelea nje.

Haukupita muda mtandao ukawaka. Mtu amejibana miezi, kapanda treni, kalipia hoteli, halafu wimbo ule ule aliokuja kuusikia wanaimbiwa wapita njia. Wengine wakajibu kwamba hawajawahi kuona jambo la kuvutia namna ile kwenye tamthilia yoyote. Kwa nini sasa mwongozaji, Jamie Lloyd, aliamua hivyo? Ukisema alitaka kutangaza biashara hutakuwa umekosea kabisa, maana video za mtaani zilizunguka dunia na kila jioni umati uliongezeka. Ila hilo ni nusu ya jibu, na ndiyo nusu isiyonikuna sana.

Turudi kwa Eva mwenyewe. Alizaliwa 1919 kwenye familia ya kimaskini mkoani Buenos Aires, akaenda mjini kutafuta maisha, akawa mwigizaji wa filamu na wa michezo ya redio. Mwaka 1944 alikutana na Juan Perón kwenye tamasha la kuwachangia wahanga wa tetemeko la ardhi la San Juan. Miaka miwili baadaye Perón alikuwa rais. Umaarufu wao ulijengwa kwa kiasi kikubwa kwenye roshani ya Casa Rosada, ikulu ya rangi ya waridi inayotazamana na uwanja wa Plaza de Mayo. Viongozi wanasimama juu, umati unajaa chini. Wafuasi wao waliitwa *descamisados*, wasio na mashati. Mtanzania angesema walalahoi na asingehitaji maelezo zaidi. Eva alikufa kwa saratani tarehe 26 Julai 1952, akiwa na miaka 33.

Mwanamke huyu alitoka kwenye maikrofoni ya redio akaingia kwenye maikrofoni ya siasa bila kubadilisha kazi sana. Kiswahili kinalielewa jambo hilo vizuri, maana kina neno moja, jukwaa, kwa anayeomba kura na kwa anayeigiza.

*Evita* iliandikwa na Tim Rice, mtunzi wa mashairi, na Andrew Lloyd Webber, mtunzi wa muziki. Ilitoka kwanza kama santuri mwaka 1976, na Februari 1977 wimbo wa roshani, ulioimbwa na Julie Covington, ukashika namba moja Uingereza. Tamthilia yenyewe ilizinduliwa London tarehe 21 Juni 1978, siku nne kabla ya Argentina, iliyokuwa chini ya utawala wa kijeshi, kutwaa Kombe la Dunia nyumbani kwake. Ndani ya tamthilia, wimbo unakuja baada ya Perón kushinda uchaguzi. Eva anatoka roshanini, anawaambia watu kwamba hakuutafuta utajiri wala umaarufu, kwamba hajawahi kuwaacha, na kwamba anawapenda.

Kuna ujanja hapo ambao aliyeusikia wimbo redioni tu hawezi kuujua. Sauti ile tamu, yaani tuni ya wimbo, umeshaisikia mapema, mwanzoni kabisa, wakati wa msiba wa Eva. Anayeiimba ni Che, mhusika anayemfuatafuata Eva kama inzi wa sikioni, na maneno yake ni ya kejeli tupu: anaufananisha msiba wa taifa na sarakasi. Kwa hiyo Eva anapofika roshanini na kuimba kwa sauti ileile, aliye ndani ya ukumbi amekwisha kutiwa shaka. Analia, lakini anajiuliza analilia nini. Tamthilia inakuchezea hivyo kwa makusudi: inakupa wimbo mzuri kiasi cha kukulegeza, na wakati huohuo inakuonyesha jinsi watu wanavyolegezwa.

Kwa mwongozaji yeyote tatizo liko kwenye umati. Utaiwekaje Plaza de Mayo kwenye jukwaa la mbao? Huwa wanasimamishwa waimbaji ishirini au thelathini, wanapunga mikono, na mtazamaji anaombwa awahesabu kuwa maelfu. Harold Prince, aliyeongoza onyesho la 1978, alitumia kioo cha sinema kilichoonyesha picha halisi za wakati ule, Eva halisi na umati halisi. Filamu ya 1996 ilitatua jambo hilo kwa njia ambayo jukwaa haliwezi: Madonna aliruhusiwa kuimba kwenye roshani yenyewe ya Casa Rosada, huku uwanja chini umejazwa watu wa kuigiza.

Lloyd yeye alikuwa na roshani ya bure. Palladium, jengo lililofunguliwa Desemba 1910, linayo moja inayotazama barabarani, na barabarani watu hawakosekani. Alichofanya ni kuwageuza wapita njia wa London kuwa wananchi wa Argentina bila kuwafanyia mazoezi, bila kuwalipa, na bila kuwaambia wafanye nini. Hawakuigiza. Walikuwa wanamshangilia mtu maarufu kwa dhati ya mioyo yao, na tamthilia ilikuwa inahitaji kitu hicho hicho.

Kiufundi si kazi nyepesi. Bendi imebaki ndani, mwimbaji yuko nje, ukuta uko katikati. Sauti husafiri hewani takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo mwimbaji akifuata spika iliyo umbali wa mita 34 atakuwa nyuma ya mdundo kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Kwenye mazungumzo hata usingeona tofauti, ila kwenye wimbo unaokwenda na bendi nzima ni balaa. Ndiyo maana kazi za namna hii hufanywa kwa kisikilizio kidogo cha sikioni kinachomletea mwimbaji muziki moja kwa moja, huku sauti yake ikirudi ndani kwa kipaza sauti kisicho na waya. Kamera nayo inamtazama usoni, karibu kabisa, na picha inaingia ukumbini papo hapo.

Sasa linganisha walichokipata watu wa pande hizi mbili. Wa mtaani walimwona Eva mzima, mwili na pumzi, lakini mdogo, juu kule, kwa dakika tano na ushei. Hawakumsikia Che. Hawakujua kama gauni lile jeupe na wigi lile la dhahabu vilivaliwa kwa ajili ya roshani tu, na kwamba onyesho karibu lote Zegler alilicheza na nywele zake nyeusi na nguo nyeusi fupi. Wao walipewa wimbo wa mapenzi, wakaupokea kama wimbo wa mapenzi. Wa ndani mwili hawakuwa nao, ila uso waliuona ukubwa wa nyumba, kope kwa kope, na umati uliodanganywa wakauona pia, tena umati wa kweli wenye simu za kweli. Kwa maneno mengine, walionyeshwa hotuba na walionyeshwa inavyofanya kazi.

Hata hicho kioo kilicholaumiwa si mgeni. Tamthilia hii inaanzia ndani ya jumba la sinema: watu wa Buenos Aires wanatazama filamu, filamu inakatwa, inatangazwa kwamba Eva Perón amefariki. Mwandishi alianza na watu waliokaa gizani mbele ya kioo. Lloyd aliwarudisha palepale.

Wale wenye hasira ndio walionivutia zaidi. Ndani ya *Evita* kuna kundi la matajiri wa Buenos Aires, wenye vilabu vyao na adabu zao, wanaoimba pamoja na wanajeshi wakilalamika kwamba huyu mwanamke wa vichochoroni amejipenyeza mahali pasipo haki yake. Sasa mlipaji wa pauni 200 anayenung'unika kwamba wapita njia wamepewa wimbo *wake* ameimba ubeti wa kundi hilo, na hakuhitaji kufundishwa. Kama Lloyd alilipanga hilo, ni mjanja kweli. Kama halikupangwa, tamthilia yenyewe ilimfanyia kazi.

Lakini tusimwonee mlipaji. Si kila aliyekuwa ndani ni tajiri. Wapo waliokaa viti vya juu kabisa, na wapo waliodunduliza. Mtu anayekata tiketi ya tamthilia anakuwa amenunua jambo moja ambalo simu haiwezi kumpa, yaani kuvuta hewa ileile na mwimbaji. Ukimwondolea hilo kwenye wimbo wenyewe, halafu ukamwambia ni falsafa, ana haki ya kukuuliza falsafa hiyo inagharimu pauni ngapi. Mimi ningekuwa kwenye kiti hicho ningenuna dakika ya kwanza na kusahau ya tatu. Jirani yangu huenda angenuna hadi nyumbani, na nisingemlaumu.

Kwetu Pwani jambo la hadhira kugeuka sehemu ya onyesho halihitaji roshani. Kwenye taarab, shairi likimgusa mtu anainuka, anajongea kwa madaha hadi mbele, anamtunza mwimbaji noti, na pengine noti ile inamlenga zaidi aliyekaa meza ya pili kuliko mwimbaji. Waliobaki vitini wanasikiliza wimbo kwa sikio moja; macho yote yako kwa aliyeinuka. Anayejua taarab angeelewa haraka kwamba pale Palladium kilichokuwa kinaonyeshwa kwenye kioo si Zegler peke yake. Ni wale waliokuwa chini yake pia.

Ujanja wa kutoka nje ya ukumbi Lloyd alikuwa nao tangu kabla. Katika tamthilia ya muziki ya *Sunset Boulevard* aliyoirudisha jukwaani London mwaka 2023, kisha New York, mwigizaji Tom Francis aliimba akitembea barabarani, kamera ikimfuata. Pale wapita njia walikuwa mandhari tu, kama taa na magari. Aliimba katikati yao, hakuwaimbia wao. Nadhani tofauti hiyo ndiyo iliyofanya roshani iume. Kinachomchoma mtu si kuona mwimbaji ametoka nje. Ni kusikia anamwambia mwingine "nakupenda".

Wimbo ulipokwisha Zegler alipunga mkono, akaingia, mlango ukafungwa nyuma yake. Mtaani watu walitazama walichorekodi, wakatumiana, wakateremka ngazi za Oxford Circus. Ndani kulikuwa kumebaki sehemu kubwa ya kipindi cha pili: fedha zisizojulikana zilikokwenda, mwili unaoanza kuugua, hotuba ya mwisho redioni yenye sauti ileile ya wimbo, safari hii imechoka. Anayekufa ni Eva wa ndani. Yule wa Argyll Street hakuugua hata siku moja. Kesho yake, ikikaribia saa tatu, alitoka tena na gauni lake jeupe.