Mashimo ya "mali ya Mjerumani" yanafukua makaburi ya wapagazi

Tangu masika yaishe, ofisi yetu imekuwa ikipokea malalamiko yanayofanana kutoka Lindi, Tanga, Morogoro na Kilimanjaro. Watu wanafika usiku na sururu, makoleo na detekta, ile mashine inayolia ikigundua chuma ardhini. Wanachimba kwenye mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza, chini ya mibuyu, kando ya reli, na sasa wameingia makaburini. Kukicha wenyeji wanakuta mashimo. Anayechimba, ukimkuta, hana aibu: anatafuta mali ya Mjerumani, na babu yake alimwambia ipo.

Naamini wengi wao hawana nia mbaya. Maisha ni magumu, na hadithi ni tamu. Lakini kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuhifadhi maeneo haya ya vita, na nalazimika kueleza kwa urefu kilichomo ardhini na kile ambacho hakijawahi kuwamo.

Nianze na dhahabu, maana ndiyo inayowakosesha watu usingizi. Dhahabu ya Mjerumani ilikuwepo kweli. Ilitoka mgodi wa Sekenke, huko Iramba, na mwaka 1916 ikafuliwa sarafu za rupia 15 mjini Tabora. Upande mmoja zina tembo na mlima nyuma yake, upande wa pili tai wa Ujerumani. Zilitengenezwa zipatazo 16,000. Sababu yake ni kwamba manowari za Waingereza zilikuwa zimefunga pwani, fedha haziingii kutoka Ulaya, na serikali ya kikoloni ilikuwa inachapa noti za karatasi hafifu ambazo watu walikuwa wameanza kuzikataa. Dhahabu ilifuliwa ili ilipe madeni na inunue chakula. Ilitoka ikatumike, na ikatumika. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo, chini ya Jenerali Tombeur, yaliingia Tabora, na kiwanda kile cha sarafu kikaishia hapo.

Sasa hebu tuwafuate hao Wajerumani wanaosemekana kubeba masanduku.

Vita ilifika kwetu siku chache baada ya kuanza Ulaya. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza iliipiga Dar es Salaam, ikilenga mnara wa simu ya upepo. Wiki moja baadaye Wajerumani wakaiteka Taveta, upande wa Kenya. Novemba Waingereza wakaleta kutoka India askari wapatao 8,000 kuiteka Tanga. Walioilinda walikuwa kama 1,000 tu, chini ya kamanda wa jeshi la Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck. Wavamizi walipotea kwenye mashamba ya mpira na vichaka, nyuki wakatibuliwa na risasi, na tarehe 5 Novemba walirudi melini wakiacha pwani bunduki kwa mamia na risasi laki kadhaa. Tanga bado wanaviita vita vya nyuki. Nyuki waliuma pande zote mbili, hili nalo lieleweke.

Baharini, manowari ya Wajerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ikajificha kwenye delta ya Rufiji, na ikamalizwa huko Julai 1915. Mizinga yake kumi iliopolewa ikatumika nchi kavu, ikivutwa na mamia ya watu kwa kamba. Mmoja unaonekana hadi leo Fort Jesus, Mombasa. Kwenye Ziwa Tanganyika Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen mwaka 1916 ili isitekwe. Waingereza wakaiibua, na ndiyo Liemba mnayoijua.

Machi 1916 Jenerali Smuts, kamanda wa Waingereza, alishuka na jeshi kubwa kupitia vilima vya Latema na Reata, karibu na Taveta, akaichukua Moshi. Dar es Salaam ikaanguka tarehe 4 Septemba. Mwezi huo ulipoisha Mjerumani hakuwa na mji wa maana, bandari wala reli. Akarudi nyuma mwaka mzima kuelekea kusini, huku akipigana.

Hapo ndipo tunafika Mahiwa, karibu na Nyangao, ambako malalamiko ni mengi kuliko kwingine kote. Kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917 palipiganwa vita vikali kuliko vyote katika kampeni hii. Upande wa Waingereza walipigana zaidi Waafrika: askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) na brigedi ya Wanigeria. Walipoteza watu wapatao 2,700, waliokufa na waliojeruhiwa. Mjerumani alipoteza zaidi ya 500 katika jeshi la kama 1,500. Kwa kuhesabu maiti, alishinda. Lakini risasi zilimwishia, kwinini ikawa haba, na mwezi uliofuata aliwaacha nyuma mamia ya wagonjwa na majeruhi wake mwenyewe, Wazungu kwa Waafrika, wachukuliwe na adui. Tarehe 25 Novemba akavuka Ruvuma akiwa na Wazungu kama 300, askari 1,700 na wapagazi 3,000, na kitu cha kwanza alichofanya ng'ambo ya pili ni kuishambulia kambi ya Wareno pale Ngomano ili apate bunduki, risasi na chakula.

Nawaomba mnaochimba Mahiwa mlitafakari hili. Jeshi lililoshindwa kuwabeba wagonjwa wake lingebeba masanduku ya dhahabu kwa kichwa cha nani? Kila mzigo ulihitaji mtu, na kila mtu alihitaji unga. Nimelieleza hili kwenye mikutano ya vijiji mara nyingi, na kila mara mtu mmoja husimama mwishoni kuuliza, "Sasa hiyo dhahabu iko upande gani wa mto?"

Kilichomo ardhini ni kingine. Wanaume waliobeba vita hii walikuwa wapagazi. Waingereza peke yao waliwaandikisha, wengi kwa kuwakamata, watu wapatao milioni moja kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland (Malawi ya leo) na kwingineko. Mzigo ulikuwa kilo 25 na zaidi, kutoka kwenye reli hadi mstari wa mbele, juani na mvuani. Walikula unga ambao mara nyingi haukuiva, wakafa kwa kuhara damu, malaria na kichomi. Waingereza wenyewe waliandika vifo zaidi ya 90,000. Upande wa Mjerumani wapagazi wengi hata orodha hawakuwa nayo. Jina Kariakoo, la Dar es Salaam, na Kariokor la Nairobi, linatokana na kikosi chao, Carrier Corps. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam ni ya mwaka 1927. Kwenye sanamu za Nairobi, maandishi yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi.

Lakini hawakupewa makaburi. Ofisa wa Kizungu alipata jiwe lenye jina. Mpagazi alifukiwa kando ya njia, mara nyingi wengi katika shimo moja, bila alama. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hadharani kwamba watu zaidi ya laki moja, wengi wao Waafrika waliofia upande wa Waingereza, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa, na ikaomba radhi. Kwa hiyo yale mashimo yaliyosahaulika kando ya njia za zamani ndiyo kumbukumbu pekee waliyobaki nayo. Detekta inalia kwa sababu ya bati la chakula au kifungo, mchimbaji anashuka, na anatoa mfupa wa paja.

Nilifika eneo moja la namna hiyo. Shimo lilikuwa la kina cha mtu mzima. Juu ya udongo kulikuwa na mifupa imerundikwa pembeni kama kuni, na kikombe cha bati kilichopondwa na koleo. Wachimbaji walikuwa wameondoka bila kulifukia shimo. Mzee wa kitongoji alikuwa ameweka matawi ya mwarobaini juu yake mbwa wasifike. Hatutajua tena kama watu wale walilazwa kwa heshima au walitupwa, wala kama walikuwa watatu au kumi.

Hata pasipo na mifupa, mnaharibu. Karibu na hapo kuna kichuguu. Pembeni yake tulikuta maganda ya risasi kumi na manne, makubwa ya shaba, ya ile bunduki ya zamani ya baruti nyeusi waliyopewa askari wa Kijerumani, yote ndani ya hatua mbili. Mbele yake, mita kama sitini, maganda membamba ya Kiingereza yametawanyika. Kwa hayo tu tunajua kwamba mtu mmoja alipiga goti nyuma ya kichuguu kile, akapiga mara kumi na nne, na moshi wa baruti yake ulimwonyesha alipo. Kitako cha ganda la Kijerumani huwa na alama za kiwanda, mwezi na mwaka. Ganda lilelile likishauzwa kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu halina habari yoyote tena.

Kuhusu sheria, kuna maneno yanayosambaa ambayo nalazimika kuyanyoosha. Inasemwa kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 haihusu vita ya 1914. Ni kweli kwamba sheria hiyo, Sura ya 333, inalinda moja kwa moja vitu na majengo ya kabla ya mwaka 1863, na vya baada ya hapo hulindwa vikitangazwa na Waziri kwenye Gazeti la Serikali. Wanaokisoma kifungu hicho na kufurahi waendelee kusoma. Kuingilia makaburi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, hata kama kaburi halina jiwe, ilimradi unajua kitendo chako kitawaumiza wenye maiti wao. Kumiliki bunduki au risasi bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Sheria haimuulizi mwenye nazo kama ziliachwa na Mjerumani. Kutafuta dhahabu bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Madini, Sura ya 123. Na zile nguzo fupi za zege au mawe yenye alama ya msalaba mnayoyaita ramani ya Mjerumani ni alama za upimaji ardhi. Kuzing'oa ni kosa chini ya Sheria ya Upimaji Ardhi, Sura ya 324, na jirani yako atakuja kukulaumu siku ya mgogoro wa mpaka. Mtu mmoja kwa usiku mmoja anaweza kujikuta na mashtaka manne, na kila kosa lina adhabu yake.

Barua ya mtendaji wa kijiji si kibali cha kuchimba mambo ya kale. Muhuri wake hauibadilishi. Maombi huenda Idara ya Mambo ya Kale yakieleza eneo, sababu, njia ya kuchimba, nani atakuwepo, na vitakavyopatikana vitatunzwa wapi. Anayekuja kijijini na karatasi asiyotaka isomwe na afisa utamaduni wa wilaya, msimwonyeshe njia.

Kuna jambo moja lisilosubiri kibali. Makombora ya mizinga na mabomu ya mkono ya vita ile bado yamo ardhini, na miaka mia moja haiyafanyi kuwa salama. Kutu huifanya fyuzi iwe tete zaidi. Ukikuta chuma cha mviringo chenye ncha, au tufe zito lenye kishikizo, usikiguse, usikigeuze, usikimwagie maji wala usikiweke motoni kuona kitakuwaje. Weka alama kwa matawi hatua nyingi kutoka hapo, wazuie watoto, mwambie mwenyekiti wa kijiji, naye aite polisi. Polisi huwaita wataalamu wa Jeshi la Wananchi. Ukikuta mifupa, utaratibu ni huohuo, na polisi ndio wa kwanza kuarifiwa, si mnunuzi wa rupia.

Wazee wenye kumbukumbu ya baba au babu aliyechukuliwa kuwa mpagazi tunawahitaji sana. Tunaandika majina yao, kijiji walichotoka, na njia waliyopitishwa kama inakumbukwa. Jina likiwa moja tu, bila ukoo, tunaliandika. Mahiwa tumeanza na majina kumi na moja, na mzee wa kitongoji aliyefunika lile shimo kwa mwarobaini ndiye aliyetupa matatu ya kwanza.