Kuchemsha Maji Hakuondoi Floraidi

Mama mmoja kutoka kijiji cha chini ya Mlima Meru aliniletea dumu la maji, akaniambia, "Mwanangu, usihangaike sana na kupima, haya nayachemsha dakika ishirini kila siku." Sina hesabu ya mara nilizolisikia hilo, na wanaoumia ni watoto.

Moto unaua vijidudu. Floraidi ni chumvi iliyoyeyuka, haifi wala haipandi na mvuke. Kinachopungua sufuriani ni maji. Chukua lita 10 zenye miligramu 3 kwa lita, zichemke hadi zibaki 8: miligramu 30 zilezile sasa zimo kwenye lita 8, yaani 3.75 kwa lita. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo 1.5. Chemsha kwa ajili ya kipindupindu, tena ufunike sufuria. Kwa floraidi, kinga maji ya mvua, au tumia chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na mkaa ubadilishwe nguvu yake ikiisha.

Wengine wanalaumu mbolea. Jamani, ni mwamba! Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, iliyojenga Meru ilikuwa na sodiamu na florini (ndiyo inayozaa floraidi) kwa wingi. Ilipopoa, sehemu ya florini ilijifunga ndani ya madini ya apataiti na mika; nyingine ilibaki kwenye gesi na vimiminika vya moto vilivyopenya nyufa. Humo ndimo hujengeka chumvi kama viliomaiti, inayoyeyuka mara tu maji yakiigusa. Penye kalsiamu nyingi, floraidi hunaswa na kutuama kama madini ya floraiti. Maji yetu yana kalsiamu kidogo mno. Ndiyo maana maji laini, yale ya povu jingi ambayo kila mtu anayasifia, ndiyo ninayoyashuku kwanza.

Maji maangavu? Floraidi haina rangi wala harufu. Kisima kirefu? Maji yaliyokaa miaka mingi mwambani mara nyingi yameokota zaidi. Pima kabla ya kulipia bomba. Meno ya kahawia yanayoletwa na floraidi nyingi si uvivu wa mswaki: doa huingia jino likiwa bado linajengwa ndani ya ufizi. Acheni kuwaaibisha watoto.

Dumu la yule mama lilisoma 5.2. Nikamuuliza makande anayalainisha kwa kitu gani. Akajibu, "Kwa magadi, mwanangu." Nikamwomba kesho aniletee na kipande cha hayo magadi, kwa kuwa nayo yana floraidi.